Unataka kuhamia shamba utulize akili? Anza na maji, ng'ombe baadaye

Watu wengi wa mjini wana ndoto hii siku hizi, hasa waliochoshwa na marejesho ya mikopo ya kausha damu na simu za bosi saa nne usiku. Nusu eka Kibosho (Kilimanjaro) au Kikatiti (Arusha), migomba, kuku, mboga mlangoni, maji ya mvua, kelele hakuna. Inawezekana, na akili hutulia kweli. Wanaoshindwa kwa kawaida huangushwa na hesabu: wamejitwika kazi nyingi kuliko maji na mikono waliyonayo, na uchovu wa shamba ukawa mkubwa kuliko ule walioukimbia mjini.

Kwanza, usiende kuangalia eneo mwezi wa Desemba. Desemba ni mwezi wa uongo Uchagani. Kila nyumba imejaa, mbege (pombe ya ndizi) ipo, nyama inachomwa, watoto wanakimbizana migombani. Katikati ya Januari mageti yamefungwa, amebaki bibi na kijana wa kukata majani. Nenda Julai. Ukanda wa juu, yaani Machame, Kibosho, Marangu, na upande wa Meru kule Ngaramtoni, Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi, na siku kadhaa zinaweza kupita jua halijaonekana vizuri. Kama huwa unazama moyo wakati wa baridi na giza, huko juu patakutesa hata pawe na kijani cha namna gani. Chini, kama Boma Ng'ombe, Kahe au Mbuguni, jua lipo la kutosha, ila mvua ni haba na mbu wa malaria ni wengi. Kisongo kuna upepo na vumbi. Chagua mateso unayoyaweza.

Usinunue mara moja. Kodi nusu eka kwa mwaka mmoja ili ukutane na masika (Machi hadi Mei), baridi ya katikati ya mwaka, kiangazi cha Septemba na vuli (Oktoba hadi Desemba). Kazi ya mjini usiiache kabla hujauona mzunguko huo wote. Ukifika hatua ya kununua, malizana na serikali ya kijiji kwa maandishi, na ikiwa ni kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, hakikisha wote wenye haki wameridhia, mke au mume wa muuzaji akiwemo. Muuzaji akikuonyesha bonde zuri kando ya mto, kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hilo bonde zuri si lako hata ukililipia.

Sasa maji, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, unapata kama lita 51,000. Ni nyingi, shida ni kwamba hazinyeshi kwa wakati unaotaka. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni siku 150 hivi ambazo usizitegemee. Familia ya watu wanne, ya kunywa na kupikia peke yake ni lita 20 kwa siku, sawa na lita 3,000 kwa kiangazi chote. Ukiongeza kuoga na kufua kwa kubana, lita 20 kwa kila mtu, hizo ni lita 12,000 nyingine. Kwa hiyo simtanki moja la lita 5,000 linatosha kunywa na kupikia na kubakiza kidogo. Halimwagilii bustani. Tuta la mita 1 kwa 10 wakati wa jua linataka lita 40 hadi 50 kila siku; ukilifungulia simtanki, umelimaliza ndani ya miezi mitatu au minne na bado kinywani hujatia tone.

Mfereji wa bati uinamie kwenye bomba la kushukia, sentimita 1 kwa kila mita. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yana kinyesi cha ndege na vumbi, yasiingie tangini. Weka bomba la inchi 6, urefu mita 2, lisimame wima kabla ya tangi, na chini lina kizibo cha kufungua. Linabeba kama lita 35. Likijaa ndipo maji yanayofuata yanapita kwenda tangini. Kizibo kifunguliwe baada ya kila mvua, vinginevyo bomba linabaki limejaa uchafu ule ule na kazi yake imekwisha. Tangi likae juu ya zege lililosawazishwa kwa pima maji: lita 5,000 ni tani 5, na jiwe moja lililochomoza chini linatosha kulipasua kitako.

Kwa nini nasisitiza maji ya mvua wakati kuna visima na chemchemi? Floraidi. Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya sehemu, kama Ngarenanyuki, hukipita kiwango hicho mara kadhaa. Ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi hupinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki palepale, imekolea. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Pima maji ya eneo kabla ya kulipa hata shilingi. Watoto walio chini ya miaka minane ndio wa kulindwa zaidi, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanaumbika. Kwao tumia maji ya mvua, na magadi kwenye maharage uyapunguze, nayo yana floraidi.

Bustani itegemee maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni kali, au zamu ya mfereji. Upande wa Kilimanjaro mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, una wenyewe na una utaratibu: kuna siku yako, na kuna siku ya kwenda kuuzibua. Mgeni asiyetokea siku ya kuzibua, au anayetuma elfu tano badala ya kwenda, hanyimwi maji waziwazi. Ila zamu yake huanza kuangukia saa nane za usiku.

Chakula kianze kwa kilicho karibu na mlango. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na kwa mtu aliyechoka akili hilo lina maana kubwa: umefanya kitu, umekiona, umekila. Ongeza mnafu na loshuu, ambazo ukichuma majani na kuacha shina zinachipua tena. Nyanya ziache mwaka wa kwanza. Kwenye ukungu wa juu ugonjwa wa baka jani unaziua kwa siku chache, na chini kuna kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda. Ni zao la kumpa mtu presha, si la kumtuliza.

Migomba: shimo la futi 3 kwa 3 kwa 3, udongo wa juu uuweke pembeni, uuchanganye na madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza, ndio utangulie kurudi shimoni. Nafasi mita 3 kati ya mgomba na mgomba. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, vingine ng'oa. Huruma ya kuacha vichipukizi vyote ndiyo inayoleta mashina membamba kama mkono wa mtoto. Mkungu wa kwanza utauona baada ya kama mwaka mmoja, kutegemea aina na baridi ya mahali.

Mahindi ni hesabu nyingine. Mtu mzima anayekula gramu 300 za unga kila siku humaliza zaidi kidogo ya kilo 100 kwa mwaka. Familia ya watu wazima wanne ni magunia zaidi ya manne, na kwa nusu eka yenye mvua nzuri, mbegu bora na samadi, yanapatikana. Kuyavuna si tatizo. Tatizo ni kuyafikisha Februari. Mahindi yakiwekwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na dumuzi, mdudu anayetoboa punje, anamalizia. Kipimo cha bei rahisi ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye sufuria, jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga. Tikisa kwa dakika tatu, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe kwenye turubai. Ikidondoka yote chini na kuta zikabaki safi, yafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Kila mfuko ufungwe peke yake, hewa imekamuliwa. Usifungue kila wiki kuchota debe: kila ukifungua unampa dumuzi pumzi. Tenga mfuko mmoja wa kula na mingine iache kimya, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuku kumi wa kienyeji na jogoo mmoja wanatosha, banda la mita za mraba 2 kwa kulala. Ugonjwa wa mdondo (kideri) ukiingia unafagia banda zima, kwa hiyo chanjo ya tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu haina mjadala. Kichupa kimoja kina dozi nyingi mno kwa kuku kumi na moja. Panga siku na majirani, mchange, mchanje pamoja.

Na ng'ombe? Wa mwisho. Ng'ombe wa maziwa wa kufugia bandani anataka kilo 40 hadi 60 za majani mabichi kwa siku na maji lita 60 na zaidi. Kukata, kubeba, kukamua mara mbili, kusafisha banda: saa tatu au nne kila siku, Krismasi na siku ya homa ikiwemo. Gesi ya samadi ni nzuri, mtambo mdogo unaendeshwa na ng'ombe wawili, kinyesi na maji nusu kwa nusu. Lakini umeshaona yale maji yanatoka wapi. Chukua ng'ombe ukishampata jirani wa kukushikia kazi, na mkubaliane mapema analipwa nini, maziwa au fedha.

Kuhusu akili yenyewe. Shamba husaidia kwa vitu vinavyojulikana: jua la asubuhi, mwili unaotembea, usingizi wa saa moja ile ile, kazi yenye mwanzo na mwisho. Yote hayo yanaharibika ukifanya kazi kutoka alfajiri mpaka usiku. Anza saa kumi na mbili, kazi ngumu ikome saa nne au tano, jioni ni kumwagilia tu. Ukiwa mgeni, ingia kikundi kimoja mapema, iwe VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), jumuiya, kwaya au msikitini, na misiba usiikose. Upweke wa migombani ni mzito kuliko wa chumba cha kupanga Unga Limited mjini Arusha, kwa sababu huku hata sauti ya jirani kupitia ukutani hakuna. Tazama pia pombe. Mbege ya kwenye shughuli ni jambo moja, kunywa kila jioni kwa sababu hakuna la kufanya ni jingine, na sonona huzidi kwa pombe.

Viuatilifu vifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli. Kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kukata tamaa ya kuishi, visikae hapo kabisa. Vinunuliwe vya siku hiyo tu, kinachobaki kikae kwa mwingine.

Na kama unatumia dawa za sonona au wasiwasi, usiziache kwa sababu umeanza kujisikia nafuu kijijini. Nafuu hiyo huenda ndiyo dawa yenyewe inafanya kazi. Kupunguza ni kwa ratiba ya daktari, taratibu. Huduma za afya ya akili zipo hospitali za Mawenzi na KCMC kwa Moshi, na Mount Meru kwa Arusha. Panga tarehe ya kliniki ukijua barabara yako: masika tope la njia za vijijini hukwamisha hata bodaboda, kwa hiyo mwishoni mwa Februari mwombe daktari akuandikie dawa za kufika mpaka Mei.