Moto wa Siku ya Petro

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni sikukuu gani ya watu wa mbali tunayotamani kuiona kwa macho yetu. Mimi naitaja Siku ya Petro ya Wadukhobori, wakulima wa Kirusi wa nyanda za juu za Javakheti, kusini mwa nchi ya Georgia, katika eneo la milima ya Caucasus.

Huko hawakwenda kwa hiari. Kati ya 1841 na 1845 serikali ya Tsari, mfalme wa Urusi, iliwahamisha kutoka kusini mwa Ukraine, kwa kuwa walikataa makasisi na picha takatifu. Kwao Mungu anakaa ndani ya kila mtu, ndiyo maana katika ibada huinamiana wao kwa wao. Hata jina lao lilianza kama tusi mwaka 1785, kwamba wanapigana na Roho Mtakatifu. Wakalipokea, wakasema wanapigana kweli, lakini kwa nguvu ya Roho.

Katika vijiji vya Urusi, Siku ya Petro, 29 Juni kwa kalenda ya zamani, ndipo kiangazi hukolea. Vijana walikesha nje kando ya mioto wakilingoja jua, maana iliaminika kwamba alfajiri hiyo jua hucheza na kubadili rangi. Kukishapambazuka, mafyekeo hunolewa, msimu wa kukata majani ya mifugo umefika.

Wadukhobori waliupa moto huo kazi nyingine. Usiku wa kuamkia 29 Juni 1895, kwa wito wa kiongozi wao Peter Verigin, aliyekuwa uhamishoni Siberia, walikusanya bunduki na panga zao katika sehemu tatu za Caucasus, wakazirundika juu ya kuni, wakawasha. Wakauzunguka moto wakiimba zaburi kwa sauti tupu, bila ala yoyote. Walikuwa wamekataa kuua, hata kwa amri ya jeshi. Wakosaki, askari wapanda farasi wa Tsari, wakaletwa na mijeledi, wakawachapa wanaume kwa wanawake. Watu zaidi ya 4,000 walitawanywa katika vijiji vya mabondeni, homa na njaa zikawamaliza wengi. Mwaka 1899 zaidi ya 7,000 walivuka bahari kwenda Kanada, mwandishi wa Kirusi Tolstoy akiwachangia mapato ya riwaya yake.

Kinachonigusa ni kwamba hawakubuni siku mpya. Walichukua usiku ambao kila mtoto wa kijiji aliujua, wenye moto wake na mkesha wake, wakaongeza kitu kimoja tu cha kuchoma. Kwetu parokiani 29 Juni ni sikukuu ya somo wetu, Petro na Paulo. Tunachinja, tunapiga ngoma, nami naipenda mno siku hiyo. Ila tangu nilipoijua habari hii, kila mwaka namkumbuka Petro yule wa bustanini, aliyechomoa upanga akaambiwa aurudishe alani.

Wadukhobori waliobaki Georgia ni wachache sana sasa, lakini bado hukusanyika tarehe 12 Julai, ambayo ndiyo 29 Juni ya kalenda ya zamani. Wenzao wa Kanada hukutana mwishoni mwa Juni: mezani mkate, chumvi na jagi la maji, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, kisha supu ya kabichi isiyo na nyama. Ningependa kusimama pale upande wa wanaume, hata kama zaburi zao sizielewi, mpaka wimbo wa mwisho uishe na watu waanze kuinamiana.