Nani anaweka kufuli kwenye kitabu chako?

Safu ya Mama Mkutubi, Dodoma

SWALI: Mama Mkutubi, mbukwa. Nilifundisha Kiingereza miaka 31, sasa nimestaafu na ninaishi Mpwapwa. Nimekusanya ngano za Wagogo kutoka kwa wazee wa huku na wa Kongwa, nikaziandika kwa Kiingereza. Mjukuu wangu anayesoma UDOM ananisaidia kukipakia kitabu Amazon. Tumefika mahali panapouliza kama tunataka DRM, ndiyo au hapana, na hapo tukagombana. Yeye anasema hapana. Mimi nasema ndiyo, maana kijitabu changu cha kwanza nilikikuta stendi kimetolewa fotokopi, kinauzwa nusu bei. Halafu, si Amazon wenyewe wanaoamua? – *Mwalimu mstaafu, Mpwapwa*

JIBU: Mbukwa mwalimu, na shikamoo juu yake. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo wengi wanalolikosea. Anayeamua ni wewe.

DRM ni kufuli la kidijitali kwenye kitabu cha kielektroniki. Faili la kitabu hugeuzwa kuwa maandishi ya siri, na ufunguo wake hufungamanishwa na akaunti ya mnunuzi, hivyo kitabu hufunguka tu kwenye vifaa na programu ambazo duka limezikubali. Amazon wana kufuli lao, Apple wana lao, na maduka mengine, Kobo wakiwemo, wametumia la kampuni ya Adobe. Lakini duka ni la kuleta kufuli tu. Wa kusema "funga" au "acha wazi" ni mwenye haki ya kitabu, na ndiyo maana swali limekujia wewe. Hujasaini na mchapishaji yeyote, kwa hiyo mwandishi ni wewe na mchapishaji ni wewe.

Ungekuwa na mchapishaji, neno lingekuwa lake. Mwaka 2012 Tor, wachapishaji wa hadithi za kubuni za kisayansi walio chini ya kampuni ya Macmillan huko Marekani, waliamua kuondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kielektroniki. Maduka yalibaki yaleyale. Mpaka leo duka moja huuza kitabu kilichofungwa na kilicho wazi, kimoja kando ya kingine, kwa sababu wenye haki wawili wamejibu swali hilohilo tofauti.

Sasa ufunge au usifunge? Mimi niko upande wa mjukuu wako. Sisemi hivyo kwa kuudharau uchungu wako. Nimekaa kaunta ya maktaba miaka 22 na najua kitabu humgharimu mwandishi kiasi gani. Ila hebu tumtazame yule mtu wa stendi. Alihitaji nakala moja na mashine ya kudurufu. Mwenzake wa leo anahitaji nakala moja na simu mbili: ukurasa unafunguka kwenye simu ya kwanza, anaupiga picha kwa ya pili, anaunganisha picha zote kuwa PDF, na jioni kitabu kiko kwenye makundi ya WhatsApp. Kufuli halimgusi huyo. Linamgusa aliyelipa.

Liliwahi kunigusa mimi. Mwaka 2018 nilinunua kitabu cha ukatalogi kutoka duka moja la nje kwa pesa ambayo ingenipa gunia la mahindi Kibaigwa. Simu ikanianguka nikishuka basi Singida, kioo kikafa. Nilipoweka kitabu kwenye simu mpya kikakataa: eti idadi ya vifaa imejaa. Niliandika barua pepe tano. Jibu lilikuja wiki ya sita, na semina niliyokuwa nikikiandalia ilikuwa imeshapita. Risiti ninayo, jina langu limo, na kitabu sina! Sijawahi kujisikia mwizi kwenye mali yangu kama wiki zile.

Lakini linaloniuma zaidi si langu. Nina rafiki huko Chamwino, mwalimu asiyeona. Husoma kwa masikio, simu inamsomea. Kuna kitabu alikinunua kikawa hakifunguki ila kwenye programu moja, na kisoma-skrini cha simu yake hakikupata hata neno ndani ya programu hiyo. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unaruhusu asasi zinazowahudumia wasioona kuwatengenezea nakala wanazoweza kuzitumia bila kuomba ruhusa ya mwenye haki. Ni jambo kubwa, ila faili lililofungwa humpa kazi ya ziada anayetaka kuitengeneza nakala hiyo. Ngano zako, mwalimu, zilisimuliwa gizani na wazee wasiohitaji ukurasa. Nisingependa zimfikie rafiki yangu zikiwa bubu.

Na kuacha wazi si kutoa bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yako, kitabu kiwe na kufuli au kisiwe nalo. Yule wa stendi aliivunja sheria hiyo bila kuvunja kufuli lolote. Kwa hiyo weka ukurasa wa haki mwanzoni, wenye jina lako na mwaka, kisha ukasajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, ili siku ya ugomvi uwe na karatasi ya kuonyesha. Weka pia bei ambayo mtu atalipa bila kushauriana na moyo wake mara mbili.

Kabla hamjabonyeza, someni maelezo yaliyo chini ya swali lenyewe. Kwa miaka mingi kanuni ya Amazon ilikuwa kwamba ukishachapisha, jibu la DRM halibadilishwi. Basi msibonyeze mkiwa bado mmenuniana.

SWALI: Shikamoo mama. Nilinunua kitabu cha uhasibu mtandaoni, nikabadilisha simu, sasa hakifunguki. Fundi mmoja Majengo anasema atalitoa kufuli kwa shilingi 5,000. Nimpe? – *Mwanafunzi, Ng'ong'ona*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe. Atataka na neno lako la siri, na humjui. Nchi kadhaa pia zimekataza kulivunja kufuli hata kwa aliyenunua. Marekani walipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1998.

Ingia kwanza kwa akaunti ileile uliyonunulia, barua pepe ileile; wengi hufungua mpya pamoja na laini mpya, halafu wanalia. Kama kitabu kinatumia kufuli la Adobe, vifaa vinavyoruhusiwa ni sita, na simu zako za zamani bado zinahesabiwa hata kama ulishaziuza. Waandikie duka wazifute, ukiambatisha risiti. Wakisema hawawezi, mwandikie mchapishaji, jina lake liko ukurasa wa pili wa kitabu. Mwambie waziwazi kwamba umelipa na hujasoma. Wachapishaji hupokea malalamiko ya wizi kila siku. Ya mnunuzi aliyefungiwa nje huwafikia machache, kwa hiyo wanadhani hamko.

Na uelewe ulichonunua. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu. Waliwarudishia watu pesa, hilo niliseme, lakini vitabu vilitoweka kwenye vifaa, hata vile watu walivyokuwa wamekwisha kuvisoma. Walichokuwa wamenunua kilikuwa ruhusa ya kusoma, na ruhusa huondolewa. Ndiyo sababu mimi, nikiona mchapishaji anauza faili la EPUB (aina ya faili la kitabu inayofunguka kwenye programu nyingi) lililo wazi kwenye tovuti yake, hununua huko hata kama bei imezidi kidogo.

SWALI: Mama, riwaya yangu imefungwa na mchapishaji wangu. Mimi sikutaka. Mkataba unasema nimempa "haki zote za kielektroniki". Nina la kufanya? – *Mwandishi, Singida*

JIBU: Kwa kitabu hiki, unaweza kuomba tu. Uliposaini maneno hayo ulimpa na funguo. Mwandikie kwa upole, umtajie wasomaji waliokulalamikia, umwombe aondoe kufuli kwenye toleo lijalo. Baadhi hukubali, maana hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kwa mswada unaoandika sasa, usisaini mpaka sentensi hii iwemo, nawe uinakili kama ilivyo: "Mchapishaji hataweka kizuizi chochote cha kiteknolojia kwenye toleo la kielektroniki bila idhini ya maandishi ya Mwandishi, na toleo hilo litaweza kusomwa kwa sauti na vifaa vya wasioona."