Gari linachemka au linachemsha?

SWALI: Mwalimu, nina Land Rover 109 ya zamani ninayoitengeneza mwenyewe nyumbani, hapa Arusha. Kila ninachokifanya nakiandika kwenye daftari. Niliandika "gari inachemsha" kama mafundi wasemavyo. Binti yangu wa kidato cha tatu akafuta, akaandika "gari linachemka." Pia nimeandika "mfumo wa kupooza injini," naye anasema kupooza ni ugonjwa. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mzee wangu, binti yako amepatia mawili, na wewe umepatia moja. Hilo moja lako ndilo lenye uzito zaidi, kwa hiyo nianze nalo.

Kinachochemka ni maji. Kuchemka ni kutoa mapovu na kububujika, mara nyingi kwa moto lakini si lazima. Pale Kikuletwa, karibu na Boma Ng'ombe, kuna chemchemi zinazojulikana kwa jina la Chemka, na watu huoga humo bila kuungua. Jina linazifaa kwa sababu maji yanabubujika kutoka ardhini. Sasa, injini ya Land Rover yako haibubujiki. Inachokifanya ni kuyachemsha maji yanayoizunguka. Fundi anaposema "gari linachemsha" amemtaja mtenda na kitendo, kisha akaliacha neno "maji" kwa kuwa kila mtu gereji analijua.

Wapo watakaodai kwamba kitenzi cha kusababisha hakiwezi kusimama bila yambwa, yaani kitu kinachotendwa: linachemsha nini? Mbona kila masika tunasema mvua inanyesha? Kunyesha kumetokana na kunya, kwa kiambishi kilekile cha kusababisha, na hakuna anayeuliza inanyesha nini. Hata mtaani, aliyeshindwa jambo huambiwa amechemsha, basi. Kwa hiyo Kiswahili cha mafundi kimejengwa kwa mbao za Kiswahili chenyewe, na sioni sababu ya kukifuta kwenye daftari.

"Linachemka" nalo si kosa la sarufi, maana tunasema pia chungu kinachemka. Ila kwa kazi yako ningeyatenganisha, kwa sababu kila neno linaelekeza kwenye ubovu wake.

Arusha iko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, hayafiki 100. Ndani ya rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, mambo ni tofauti: mfuniko wake una springi inayobana mvuke, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka mpaka yavuke hata hizo 100. Springi ikilegea, au mpira wa mfuniko ukikauka, mgandamizo unapotea. Maji yatachemka na kutoka nje wakati injini yenyewe haina joto la kutisha. Hapo andika "maji yanachemka," na jambo la kwanza la kukagua ni mfuniko. (Uukague injini ikiwa imepoa kabisa. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa ghafla yanaruka usoni.)

Feni isipovuta hewa kwa sababu mkanda umelegea, themostati (vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta) ikikwama ikiwa imefunga, au njia za rejeta zikijaa kutu ya miaka mingi, injini inazalisha joto ambalo haliondoki. Hapo ndipo "gari linachemsha." Na kuna hali ya tatu, mbaya kuliko zote: maji yameisha. Hakuna kilichobaki cha kuchemka, na hata mshale wa joto unaweza kukudanganya kwa sababu kipimo chake hakigusi maji tena. Iandike kwa maneno yake: "injini imepata moto." Ukiyasoma hayo baada ya miezi sita utajua hasa kilichotokea, na fundi yeyote utakayemkabidhi daftari atajua aanzie wapi.

Upatanisho sasa. Katika Kiswahili sanifu ni gari limechemsha, magari yamechemsha. "Gari imechemsha" ndiyo inayosikika barabarani, Nairobi hata Dar es Salaam, na katika mazungumzo haina tatizo. Kwenye maandishi mfuate binti. Lakini ukilitaja gari kwa jina lake, Land Rover imechemsha, wala asikusahihishe. Majina ya namna hiyo tunayapatanisha kwa i-.

Kuhusu kupoza, namuunga mkono waziwazi. Kujaa kunazaa kujaza, kupotea kunazaa kupoteza, na kupoa kunazaa kupoza. Wapo wazungumzaji wanaorefusha o na kumaanisha kitu kilekile, nami siwakatazi kwa mdomo. Katika maandishi, hata hivyo, kupooza kumeshashikwa na maana ya kiungo kufa ganzi na kukosa nguvu, na msomaji ataikimbilia hiyo kwanza. Andika "mfumo wa kupoza injini."

Naongeza moja ambalo hukuliuliza, kwa sababu najua utalihitaji. Kuvuja kunakubali pande zote mbili: maji yanavuja, rejeta inavuja, mpira wa juu unavuja. Wahenga walishasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, na kinachovuja pale ni pakacha lenyewe. Basi usihangaike na "inavujisha."

Ila ukiona maji yanapungua kila siku na chini ya gari ni pakavu, hiyo si kuvuja. Mafundi husema "linakula maji," na mara nyingi maana yake ni kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, imeungua, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Utaona moshi mweupe usioisha kwenye ekzosi, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Liandike hivyohivyo, "linakula maji," bila alama za mtajo, na pembeni yake kiasi cha maji ulichoongeza na tarehe.