Je, kianzio nitakachotoa kitarudi mauziano yakikwama?

SWALI: Nimekubaliana na muuzaji kununua nyumba yake ndogo iliyopo Kigamboni kwa shilingi milioni 30. Anataka kianzio cha milioni 8 wiki hii ili asimpe mteja mwingine, na zinazobaki nizimalizie ndani ya miezi sita. Hati aliyoniandalia inasema tu: "Nimepokea 8,000,000/= za nyumba." Anaishi humo na familia yake, ila mkewe sijaonana naye. Nikishindwa kumalizia, nitarudishiwa? – Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu msomaji, hati hiyo haijibu swali lako, na hapo ndipo penye hatari. Mambo yakiharibika, muuzaji atadai kuwa "za nyumba" maana yake ni arubuni, yaani fedha ya kumzuia asiuze kwa mwingine, ambayo mnunuzi akighairi huipoteza. Wewe utadai kuwa ni sehemu ya bei, ambayo kwa kawaida hurudishwa baada ya kuondolewa hasara halisi aliyoipata muuzaji.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka makubaliano ya namna hii yawe ya maandishi na yasainiwe, kwa hiyo mwende kwa wakili mkaandikishe mkataba kamili unaotaja nyumba ilipo na mipaka yake, bei yote, tarehe ya mwisho ya kumalizia, na sentensi isiyo na utata, kwa mfano: "Shilingi 8,000,000 ni sehemu ya bei, mnunuzi akishindwa kumalizia, muuzaji atabaki na shilingi 1,000,000 na kurejesha zilizosalia ndani ya siku 60." Viwango mtapatana wenyewe.

Kuhusu mke, usilichukulie kama jambo la adabu tu. Nyumba wanayoishi wanandoa inalindwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Asaini naye mbele ya wakili.

Kabla ya kutoa chochote, kama nyumba ina hati miliki, omba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili ujue kama imewekwa rehani. Kama haina, waulize majirani na ofisi ya serikali ya mtaa. "Mteja mwingine" ataweza kusubiri siku hizo chache. Katika barua tunazopokea, mara nyingi huwa hana hata jina. Ukiridhika, lipa kupitia benki, na kwenye maelezo ya malipo andika "sehemu ya bei ya nyumba" ukitaja tarehe ya mkataba.