Mwanangu Ananiita Dada

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ile riwaya mliyoijadili toleo lililopita, ya binti wa kidato cha tatu anayezalishwa kisha mama yake akamlea mtoto kama wa tumbo lake, niliiazima kwa jirani nikaisoma yote. Imeniudhi. Binti anakaanga maandazi, muda si muda ana saluni. Mtoto haugui hata homa. Mwishoni anatokea daktari anamwoa, mtoto anabaki kwa bibi akijua yule ni dada yake, tunaambiwa wote waliishi kwa raha. Raha gani?

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nilizaa 2019 nikiwa kidato cha tatu, shule ikaishia hapo. Mama akamchukua mwanangu, majirani wakaambiwa ni kitinda mimba wake. Sasa ananiita dada, na mama akisema "mpe mdogo wako uji" naitika. Mwakani anaanza darasa la kwanza, wanataka cheti cha kuzaliwa ambacho hatukukata. Mama anasema aandikwe yeye kama mzazi. Nikubali? Na kitabu, mdogo wangu wa kidato cha pili anakitaka. Nimpe?
Mama K., Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa saluni na daktari tuko pamoja. Mwandishi huyo kuna mahali anawarudisha wavuvi alfajiri na mitumbwi imefurika dagaa, usiku wa mwezi mpevu! Wewe wa Mwaloni unajua mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala na wenye mabeseni wanakopa unga dukani. Nimesomesha fasihi hapa Nyegezi hadi nikastaafu, na pale niliandika pembeni kwa penseli: muongo.

Aliyempa binti mimba naye anatoweka sura ya pili, hakuna anayemuulizia. Sheria yetu Tanzania inamuulizia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mama kudai matunzo ya mtoto mahakamani. Wa kwako hukumtaja, nami sikuulizi.

Ila kitabu usikitupe. Ile sura bibi anamfunga mtoto mgongoni kwenda kliniki, binti kabaki uani na maziwa yanalowanisha blauzi yake, hiyo haikutungwa na mtu asiyejua. Nadhani mwandishi aliifikia kweli yenyewe, akaogopa, akamwita daktari. Mpe mdogo wako, msome naye. Mkifika kwenye saluni mpigie hesabu: unga, mafuta, mkaa, na wiki mtoto akilazwa biashara imefungwa.

Sasa cheti. Usikubali. Cheti kinaandika aliyezaa, na kumpa msajili maelezo ya uongo ni kosa ambalo mama yako ndiye atakayeulizwa. Kadi ya kliniki bila shaka ina jina lako. Mkikata cheti chenye jina la mama yako leo, mwanao atabeba karatasi mbili zinazogombana mpaka atakapoomba kitambulisho cha taifa. Kwa kuwa ameshavuka miaka mitano, ule usajili wa bure wa watoto wadogo kwenye ofisi ya kata umempita. Sasa ni kwenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya au mtandaoni.

Kabla ya hapo ongea na mama. Usimwendee kama mtu aliyekuibia. Mwaka ule wasichana waliozaa walikuwa hawaruhusiwi kurudi shuleni, zuio lililoondolewa Novemba 2021, na huenda kwake kusema "wa kwangu" ndiyo sitara pekee aliyokuwa nayo ya kukufunika. Mshukuru kwanza, kwa maneno, na umpelekee kitenge kama dagaa wametoka vizuri. Halafu mwambie kwamba mtoto aambiwe ukweli na ninyi wawili mkiwa mmekaa pamoja, kabla Januari. Igoma ninaijua: yupo mtoto wa jirani aliyeshasikia kwa mama yake, naye watakaa dawati moja.

Akiendelea kukuita dada mwaka mzima, mwache. Bibi naye abaki mama mdomoni mwake kama anavyotaka. Kinachotakiwa kunyooka sasa hivi ni karatasi, kwa hiyo tafuta ile kadi ya kliniki leo, na kama imepotea rudi kituo ulikojifungulia wakutafutie kumbukumbu kabla foleni ya wazazi wa darasa la kwanza haijaanza.