Kuweka kamera kwenye M si kuitawala picha: jibu kwa kijana wa Jinja

Kijana wetu wa Jinja ameuliza hivi, kwa kifupi: amenunua kamera ya mkononi, mtumba lakini nzima, na fundi mmoja akamwambia kwamba asiyepiga kwa M, yaani kwa kujiwekea mwanga wote mwenyewe, si mpiga picha, ni mshika kamera. Akaenda nayo kwenye kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya binti) Mukono, akapiga kwa M kutwa nzima. Nusu ya picha nyuso zimekuwa giza, nusu nyingine kanzu zimeungua kwa mwanga hazina hata mkunjo. Sasa anauliza afanye nini ili kila kitu kiwe mikononi mwake. Wengi wamemjibu anunue lenzi ya bei. Mimi naona shida yake haiko kwenye lenzi, na swali lenyewe ni kubwa kuliko alivyoliweka.

Tuanze na hiyo M tuimalize. Mdogo wangu, naamini nakijua ulichofanya, kwa sababu karibu kila anayeanza hukifanya. Ulitazama kile kipimo cha mwanga ndani ya kioo, ukazungusha shata (muda ambao mwanga unaingia) na tundu la lenzi (upana wa mlango wake) mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri, ukabonyeza. Kama ndivyo, hukuitawala kamera. Kamera iliamua, wewe ukaizungushia vitufe. Kile kipimo hakijui kanzu wala uso. Kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, lazima kiwe kijivu cha katikati. Safu ya wazee kumi wenye kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kinaona mwanga umezidi, kinakushusha, na nyuso zetu hizi nyeusi zinazama. Ukiwageukia akina baba wa suti nyeusi, kinakupandisha, na mwenye kanzu aliyesimama pembeni anaungua. Ni kosa moja linalokuja kwa milango miwili.

Kwa hiyo weka M ukitaka, au acha kamera ichague shata na wewe uchague tundu, lakini wewe ndiye useme nani anahesabika kwenye hiyo picha. Kwenye safu ya kanzu, pandisha hatua moja juu ya kile inachotaka kamera. Kwenye suti nyeusi, shusha. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika, ili kanzu iliyokaribia kuungua uweze kuirudisha nyumbani. Nawajua wapiga picha wa magazeti wa hapa Kampala ambao kwa wiki nzima hawaigusi M, na hakuna anayethubutu kuwaita washika kamera.

Halafu kuna hema. Watu wa mapambo wakishatandaza vile vitambaa vya zambarau na buluu juu, mwanga wote unaoshuka kwa bibi harusi umepita kwenye kitambaa, na gomesi (lile vazi refu la akina mama wa Uganda) ya dhahabu inatoka na rangi ya ugonjwa. Huwezi kumwambia mwenye mapambo ashushe kitambaa. Unaweza kumsogeza mtu hatua mbili kuelekea ukingo wa hema, mwanga wa nje umpate ubavuni. Jioni taa za LED zikiwashwa, utaona mistari myeusi imelala kwenye picha kama umeipitisha kwenye wavu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/100 au 1/50 ya sekunde, mistari itakwisha. Umeme ukikatika wakawasha jenereta linaloyumba, mistari inaweza kurudi, na hapo huna la kufanya ila kutumia fleshi yako mwenyewe.

Jua nalo. Sisi tumekaa juu ya mstari wa Ikweta. Hapa jua hufika utosini karibu saa saba mchana, na mwezi wa tatu na wa tisa linasimama wima kabisa, macho ya watu yanageuka mashimo mawili. Ule mwanga laini wa jioni ambao watu wa video za YouTube wanausifu, wao wa Ulaya wanakaa nao muda mrefu. Hapa jua linazama muda mfupi kabla ya saa moja, na baada ya nusu saa ni giza. Ratiba ya kwanjula haikusubiri wewe wala jua. Ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, akichelewa kutoka na wasichana, utapata mwanga utakaoukuta. Nenda asubuhi, zunguka hema, jua upande upi utakuwa na kivuli saa tisa, kisha omba meza ya zawadi iwekwe huko. Hiyo dakika ya kuongea na mwenye mapambo kabla viti havijapangwa itakusaidia kuliko vitufe vyote.

Nimeyapita haya haraka kwa sababu kamera ndicho kitu chepesi kuliko vyote unavyotaka kuvitawala. Watu ndio kazi.

Wapo wapiga picha wanaofanya kazi kama makamanda. Geuka, inua kidevu, shika mkono, cheka. Wateja wengine wanalipenda hilo, wanaona wamepata thamani ya pesa yao. Lakini kamata mzee wa miaka sabini, mwambie asimame vizuri, uone. Mabega yanapanda, mikono inashuka wima pembeni, macho yanakodoka. Anakupa ile sura ya picha ya pasipoti, kwa sababu kwa kizazi chake kupigwa picha ilikuwa jambo la serikali au la shule. Basi mpige hiyo picha yake, usimnyime, maana ndiyo atakayoitaka ukutani. Kisha shusha kamera kifuani, zungumza naye kuhusu mengine, na usiondoke. Juzi kwetu Bombo mzee mmoja alipoona nimeshusha kamera alimvuta mjukuu wake, akaanza kumfunga kifungo cha kanzu shingoni. Kifungo kilikuwa kidogo, vidole vyake vinene, ulimi umetoka kidogo nje kama wa mtoto anayeandika. Sikumwambia chochote. Nilipiga mara tatu. Familia ilichagua zote mbili, ile ya wima na hii, na ya wima ndiyo iliyokuzwa kubwa.

Hapo ndipo nataka ufikirie zaidi, kwa sababu mteja naye ana usukani wake. Kuna studio ya zamani Gulu, Gulu Real Art Studio, ambayo picha zake zilizunguka dunia baada ya mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, kuziona. Mashine yao ya picha za kitambulisho ilitoa picha nne kwa mpigo, na wateja wengi walihitaji moja tu. Ikawa nafuu kumpiga mtu picha ya kawaida ameketi, kuisafisha, kisha kuukata uso kwa umbo la mstatili na kumpa mteja. Kilichobaki kilikuwa takataka: mwili wa mtu, mikono, nguo, kiti, pazia la nyuma, na tundu jeupe pale kichwa kilipokuwa. Bacigalupo akaanza kuyakusanya hayo mabaki.

Zitafute uzitazame. Watu walioketi pale walijua fremu itaishia mabegani, kwa hiyo uso umewekwa sawasawa kwa ajili ya ofisi au benki. Chini ya hapo hakuna aliyekuwa anajilinda. Mkono umefinya mkoba, mama amempakata mtoto ambaye hahusiki na kitambulisho, mwingine amevaa juu kwa ajili ya ofisi na chini kwa ajili ya shamba. Hiyo ndiyo Gulu baada ya miaka ya vita, na hakuna aliyekusudia kuipiga. Mwenye studio alikuwa akibana matumizi ya karatasi, mteja akitawala uso wake, ofisi ikitawala ukubwa wa picha. Kilichotuambia zaidi ni kile ambacho wote watatu walikiacha. Mimi nimeyarudia mabaki hayo mara nyingi kuliko picha yoyote ya mashindano, na tangu hapo sikati picha haraka. Nikikata mikono ya mtu kwenye fremu, nataka niwe nimeamua.

Upande wa pili wa hadithi upo hapa Kampala. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, waliweka maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin kutoka hazina ya shirika la utangazaji la taifa. Hazina hiyo ina makumi ya maelfu ya negativu zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi hazikuwahi kuonekana na umma. Ukizitazama unaona mikutano, mapokezi ya wageni, hotuba, mtawala akicheka na watu wake. Ufundi wao ulikuwa safi. Walipima mwanga vizuri, walijua mahali pa kusimama. Hizi ni picha za 1971 hadi 1979, na waliokuwa wakipotea siku hizohizo hawamo, kwa sababu hakuna mpiga picha aliyetumwa huko. Kwa hiyo mtu akikwambia ameitawala picha yake kikamilifu, muulize nani alimtuma, na nani alibaki na negativu.

Mabano kidogo: ukitaka kujua unaishi vipi bila kutawala chochote, nenda msitu wa Bwindi. Mnapewa saa moja na sokwe wa milimani (gorila), fleshi ni marufuku, msitu una giza, mwenye mlima anageuka mgongo akitaka. Manyoya meusi yakijaa kwenye fremu kamera inayafanya kijivu, shusha hatua moja. Mengine ni ya sokwe.

Jambo la mwisho ulilouliza nusunusu, kwamba shangazi wa bibi harusi alikasirika picha zilipoonekana kwenye status ya WhatsApp ya mtu kabla familia haijaziona. Hili ni lako, na haliko kwenye kamera. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data binafsi ya 2019, na sura ya mtu ni data yake. Picha nazo, kama kazi, zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya 2006. Hayo mawili yanagongana kila Jumamosi, na maji yakimwagika kwenye WhatsApp hayazoleki. Mimi kabla ya kazi naandika karatasi moja tu, kwa lugha ambayo ssenga anaweza kuisoma: nani anapokea picha kwanza, nani anaruhusiwa kuzitundika mtandaoni, na kama naweza kutumia mbili tatu kutangaza kazi yangu. Anasaini yeye, nasaini mimi. Wakikataa nisitangaze, bei inapanda kidogo, na hilo nalo wanaelewa. Msaidizi wangu haondoki na memori kadi mfukoni, hata awe ndugu wa damu.

Kwa kazi yako ya Jumamosi ijayo, usibadilishe lenzi. Weka RAW, tundu f/4, shata isishuke chini ya 1/100, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijiendeshe, na kidole gumba kikae kwenye kitufe cha kupandisha na kushusha. Na zile picha za Mukono, weka hapa mbili: moja ya safu ya kanzu, nyingine ya ndani ya hema jioni, bila kuzigusa kwenye programu. Nataka kuona kama ile ya jioni ina mistari au ni fleshi iliyokugomea.