Woga wangu ulikua umekaa kwenye kiwiko

Swali lenu la wiki hii mmeuliza: ulishawahi kushindwa vibaya mbele za watu, na ulifanyaje mpaka ukajiamini tena? Mimi jibu ninalo, ila ni refu, mhariri kata pale utakapochoka.

Mimi ni fundi cherehani, nna kaduka kangu Majengo hapa Mombasa, miaka 37, watoto wawili, na huu mwaka wa tatu nacheza kikboksi, ile ya ngumi na mateke, Jumanne na Jumamosi baada ya alasiri, saa za wanawake. Nilianza sababu ya mgongo tu, kuinamia cherehani kutwa mgongo ukawa kama ubao, shoga yangu akanivuta, siku ya kwanza nikaenda na dera na soksi, kochi akacheka lakini hakunifukuza. Mwaka wa kwanza nilikua mzigo. Wa pili nkaanza kuwa mtu. Wa tatu, wallahi sijisifu, wageni wakija kochi anawaambia mwangalieni Mama Zu anavosimama, mwangalieni mikono yake. Mimi kichwa kikubwaa.

Sasa akaja msichana mmoja wa ng'ambo ya Likoni, miaka 19, mrefu, mwembamba, mpole mpaka unamuonea huruma, "shikamoo auntie" kila akiingia. Miezi mitano tu tangu aanze. Na ni mashoto. Hilo la mashoto liwekeni akilini manake kesi yote iko hapo.

Jumamosi moja jimu imejaa, dadaze wamekuja kumuona, na binti yangu Zu wa miaka 11 yuko kwenye benchi na wenzake wawili wakila viazi karai. Kochi akasema sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, Mama Zu ingia na huyu. Raundi ya kwanza nilimchezea kabisa, nampiga jabu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, ya pua narudi, nampiga nyengine narudi, mpaka naskia watu wacheka. Raundi ya pili dakika haijaisha akainua mguu wa kushoto, na sikudanganyeni, niliuona, niliuona unatoka na nkafikiri wenda pajani. Ukaingia chini ya mbavu, upande wa kulia.

Asiepigwa ini hajui. Ngumi ya pua yauma papo hapo, machozi yatoka, waendelea. Ini halisemi saa hiyo. Nilibaki nimesimama, hata nkataka kurusha ngumi yangu, alafu kama baada ya sekunde moja hivi mwili ukazima kama stima zikikatika. Kichwa kiko timamu, naskia kila kitu, namskia muuza kahawa chini barabarani agonganisha vikombe vyake, lakini miguu imekataa. Goti, goti la pili, uso kwenye mkeka. Baadae ndo nilielezwa, ini ni kitu kizito, kilo moja na nusu hivi, na sehemu kubwa yake imefunikwa na mbavu lakini pale chini lachungulia kidogo, likitikiswa pale neva zapeleka habari, presha yashuka, na mwili wenyewe ndo waamua kukulaza, ushujaa wako hauulizwi. Saa ile mimi nilichojua ni kwamba nna mate kwenye mkeka na mwanangu ameacha kutafuna. Hakulia, hakucheka. Ameacha kutafuna tu, kiazi kiko shavuni.

Yule msichana alikua wa kwanza kupiga magoti karibu yangu, "nisamehe auntie, nisamehe". Hilo lilinichoma kuliko teke.

Wiki ile nilisema uongo mwingi mpaka naona haya kuuandika. Mkeka uliteleza. Sikula mchana. Glavu za jimu kubwa. Kila mteja aliekuja kuchukua nguo nilimpa sababu yake. Mume wangu ni mtu wa ngumi tangu ujana, aliniskiza siku mbili tatu akaniambia, Mama Zu, yule bondia George Foreman alipopigwa na Muhammad Ali kule Kinshasa 1974 alisema kamba za ulingo zililegea, akasema maji aliyopewa yalitiwa dawa, sasa huo mkeka wako ndo zile kamba? Nkamnyima chai. Akajipikia mwenyewe na akaendelea kuongea, ati Foreman huyo huyo 1994 na miaka yake 45 alimuangusha Michael Moorer akachukua tena taji, miaka 20 baada ya Kinshasa. Nkamwambia mimi miaka 20 sina, mimi nna Jumanne.

Na hiyo Jumanne ndo nilifanya kosa ambalo naona wengi wanawashauri watu walifanye, ati ukianguka rudi hapo hapo, ukabili, usiupe woga nafasi. Mimi nilirudi. Nilimuita yule msichana mwenyewe, tena kwa sauti. Hakunipiga ini siku hiyo, hakunipiga chochote kikubwa maskini, alikua ananionea huruma na mimi naona, na bado niliondoka nimechafuka uso. Jumamosi yake hata wageni wa mwezi mmoja wakawa wananipata. Jabu za kitoto, zaingia tu. Kila mtu ana lake, lakini mimi kurudi haraka kulinifundisha kitu kimoja tu, kwamba naweza kupigwa na yoyote.

Nikaacha. Sikumwambia kochi, niliacha kwenda tu. Jumanne saa kumi na nusu nafunga duka naenda Mama Ngina, pale ufukweni, nakaa chini ya mibuyu naangalia meli zaingia Kilindini, nala muhogo wa pilipili, narudi nyumbani kama nimetoka mazoezini. Wiki mbili. Zu alikua ajua, nywele zangu hazina jasho, lakini hakusema.

Alienitoa pale si kochi wala mume, ni yule kijana ninaemfundisha kazi dukani. Siku hiyo nakata kitambaa cha kanzu, mezani, mkasi mkubwa, akaniangalia weee alafu akasema, "Mama, mbona wakata kama umeficha kuku kwapani?" Nkamwambia wacha upuzi. Nkajiangalia. Wallahi kiwiko cha kulia kimebana mbavu, kimeganda hapo, nakata kitambaa kwa kifundo cha mkono tu, na bega limepanda juu. Nkakishusha. Nkaendelea kukata, dakika moja nyingi, kimerudi chenyewe.

Nkaweka mkasi chini nkacheka peke yangu. Mwezi mzima nimejiambia nimepoteza moyo, moyo umevunjika, sina tena moyo wa hii kazi, kumbe moyo hauna habari. Woga uko kwenye kiwiko! Ini jirani yake lilipigwa, na yeye amekaa mlangoni kulinda, mchana na usiku. Na kiwiko kikishuka kubana mbavu mkono wote washuka nacho, kidevu kinabaki wazi upande ule, ndo maana hata mgeni wa mwezi mmoja ananiokota. Hawakua wamekua wazuri. Nilikua nimewafungulia mlango.

Basi nikarudi jimu na nkamwambia kochi sitaki sparingi, nataka kutibu kiwiko. Alidhani nimeumia nkamuonyesha. Akaniambia jambo ambalo lilipaswa nilijue zamani, kwamba mimi nasimama mguu wa kushoto mbele, mashoto anasimama wa kulia mbele, kwahivo mukikabiliana ni kama mtu na kioo, na upande wangu wenye ini unakaa wazi kabisa mbele ya mguu wake wa nyuma, ule wenye nguvu. Dawa yake, mguu wangu wa mbele nauweke nje ya mguu wake wa mbele, na nitembee kwenda kushotoni kwangu, nilihame teke lake, nisilifuate. Mimi raundi zote mbili nilikua nakwenda kulia. Yaani nilijipeleka.

Alafu tukamuita yule msichana. Nilimwambia mwanangu nsaidie, nipige pale pale, lakini kama wanigusa na ufagio. Alikataa mara mbili. Mwisho akakubali, kochi anahesabu, yeye anasema "naja" kabla ya kuinua mguu, ananigusa kwenye mkono au pembeni ya tumbo, mimi kazi yangu ni mbili tu: kutoa pumzi pale mguu unapofika, na glavu irudi shavuni baada ya kila teke. Kumi, pumzika, kumi. Siku ya kwanza nilifumba macho kwa yote kumi. Mwanamke mzima, naguswa na mguu mwepesi kama paka, na nafumba macho! Lakini hapo hakuna anaeshinda, hakuna anaeangalia, wenzetu wako na pedi zao, na mwili ukaanza kupata hesabu nyengine, kwamba mguu huu si kila ukija tunalala.

Na kwa sababu glavu ilikua inanidanganya, nadhani iko shavuni kumbe iko kifuani, nkaleta chaki yangu ya fundi, ya buluu, nkaipaka kwenye glavu ya kulia. Raundi ikiisha Zu ananikagua shavu. Siku ya kwanza shavu safi kama la Idi. Wiki ya tatu nilienda nyumbani na tuktuk, dereva akaniangalia kwenye kioo akaniuliza, "Mama, umepaka nini?" nkajua tiba inafanya kazi.

Tukapanda hivo hivo. Akaacha kusema "naja". Kisha tukawa twatembea. Kisha yeye teke la mwili tu na mimi jabu tu, kwa nguvu ya kuamshana usingizi, si zaidi. Kama wiki sita hivi zote, na katikati kuna siku nilirudi nyuma, siku moja mguu ulinigusa vibaya kidogo tu nikakaa chini mwenyewe kabla maumivu hayajafika, nkaona haya, kochi akasema hesabu upya. Tukahesabu upya.

Niseme moja hapa manake najua vijana watasoma. Hii ni habari ya ini, na hata ini maumivu yakikaa au tumbo likawa gumu ni hospitali. Kichwa ni kesi nyengine kabisa. Ukipigwa kichwa ukawa na kizunguzungu, kutapika, kusahau, kichwa kuuma kisichoisha, usitafute kujiamini, tafuta daktari siku hiyo hiyo, na sparingi isubiri mpaka dalili zote ziishe na yeye akuruhusu. Ubongo hautibiwi kwa kuguswa na ufagio.

Babu yangu mzaa mama ni wa Lamu, alikua akicheza kirumbizi, wale wawili wanaoingia kati na fimbo, ngoma na zumari zalia, watu wamezunguka. Alikua na kovu kwenye nyusi. Tulipokua wadogo tulimuuliza alikupiga nani, akasema jina la mtu, akaongeza, "nae alikuja harusini kwangu." Hatukuelewa. Tulitaka aseme kama alilipiza.

Sparingi ya kweli na yule msichana tulikuja kufanya tena, Jumamosi, watu wapo. Mnataka kujua nani alishinda. Yeye. Ni mdogo kwangu kwa miaka 18, na ana mguu ule, nifanyeje. Lakini nilitembea kushotoni kwangu, nilimpata ngumi mbili za kulia zilizonyooka mpaka kochi akapiga makofi, na raundi ya tatu lile teke likaja, lile lile, likagonga mkono, mkono ukafa ganzi, mimi nimesimama. Kwenye benchi Zu alikua anatafuna.

Wiki iliyopita yule msichana alikuja dukani, ataka suruali pana ya mazoezi, taiti anaona haya kuzivaa. Nkapiga goti nkampima, kiuno mpaka kifundo cha mguu, ule wa kushoto nkaupima mara mbili. Akasema auntie niongezee nafasi hapa katikati, zile za dukani zanibana nikiinua. Nkasimama nkamuuliza wainua mpaka wapi? Akainua pale pale, taratibu, ashika meza, mguu ukasimama hewani usawa wa mbavu zangu. Kiwiko kikacheza kidogo, sitawadanganya. Nkashika chaki nkaandika kwenye kitambaa: ongeza inchi 2.